Chuma kisichotaka salamu: tulivyokereza valvu ya nikeli Mbarara

Wakuu, amani kwenu popote mlipo, na mnaosoma mkiwa kazini punguzeni mwanga wa simu.

Nitakayoandika hapa yamenitokea mimi mwenyewe. Sehemu zinazonifanya nionekane mjinga nimeziacha vilevile, maana nikizitoa hadithi inakuwa ya uongo. Asiyeamini aulize. Mimi pia siamini vitu kirahisi, kwa hiyo sitamlaumu mtu.

Kabla hamjaanza kuniita kaka: mimi ni dada. Mrundi, nimekulia kambini Nakivale, zoni ya Juru. Nikasomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu hapa hapa Uganda, nikamaliza, nikarudi nyumbani na cheti kwenye bahasha. Bahasha bado ipo. Ofisi ndiyo haijaonekana.

Kwa sasa nipo Mbarara mjini, kwenye karakana ya kukereza vyuma ya mzee mmoja nitakayemwita Mzee Deo. Ni Mrundi mwenzangu, kazi aliijulia kiwandani Bujumbura enzi hizo, na mashine yake anaiita "tour" kwa Kifaransa mpaka leo. Ana mkono ambao sijauona kwa mwalimu yeyote chuoni. Anakereza chuma kama mtu anayemenya viazi huku akiongea mambo mengine.

Mambo mengine hayo ndiyo uzi huu.

Sasa twende.

Kule Juru, Mama yangu na wanawake wenzake kumi wana mashine ya kusaga mahindi. Inaendeshwa na injini ya dizeli ya zamani sana, silinda moja, gurudumu la pembeni kubwa kuliko meza. Waliikusanya kipande kwa kipande, mavuno kwa mavuno. Ikiwaka, kijiji kizima kinajua.

Mwezi ule ikanyamaza. Nikaifungua mwenyewe, nikakuta valvu ya ekzosti, ile inayotoa moshi wa moto, imeungua ukingoni kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni.

Spea? Hakuna. Nilizunguka Mbarara yote, nikapiga simu Kampala, watu wakanicheka nilipotaja aina ya injini. Mmoja aliniuliza kama napiga simu kutoka makumbusho.

Na mahindi yalikuwa yameshavunwa. Watu wa Juru wakaanza kufunga magunia kwenye baiskeli na kwenda kusaga Ngarama. Anayeijua njia hiyo anajua. Unaondoka asubuhi na mahindi, unarudi jioni na unga na magoti ya mtu mwingine.

Kikundi kikakaa kikao. Wakasema wazi kabisa: Jumapili baada ya misa, kama injini haijawaka, inauzwa skrepa. Mama hakubisha. Alinipigia akaniambia hivyo tu, kisha akauliza kama nimekula. Nikajua imemuuma.

Basi nikaenda kwa Hajati.

Hajati ni mama mfanyabiashara wa vyuma chakavu hapo mjini, na ndiye aliyekuwa tayari kuichukua ile injini. Nikamwomba nichimbe kwenye lundo lake. Baada ya nusu siku nikatoka na valvu tatu kubwa za ekzosti, za jenereta kubwa sana, mpya kabisa, bado zina mafuta ya kiwandani. Shina lake lilikuwa nene kuliko tulivyohitaji, na kichwa kipana kuliko chetu. Lakini kitu kinene kinaweza kupunguzwa. Chembamba ndicho hakiongezwi.

Hajati alicheka akaniambia, "Chukua zote tatu, mwanangu. Zikikataa, hiyo injini yenu pia leta. Mimi huku na huku sina hasara."

Mtu mkweli, nampenda.

Nilivyofika karakana, Mzee Deo alizigeuza mkononi. Nikaleta sumaku. Haikushika. Nikagusisha moja kwenye jiwe la kunolea linalozunguka. Chuma cha kawaida kinamwaga cheche ndefu za njano, mnazijua. Hiki kilitoa vicheche vichache, vifupi, vyekundu vya kufifia, kama sigara inayozimika.

Mzee akasema, "Hii si acier ya kawaida, mukobwa wanje. Hii imefungwa." Acier ni chuma kwa Kifaransa, mukobwa wanje ni binti yangu kwa Kirundi, na kufungwa alimaanisha mambo ya waganga. Alikuwa anatania nusu. Ile nusu nyingine sina uhakika.

Mimi kusikia "imefungwa" nikawaka. Nilijua ni nini. Ni mchanganyiko wa nikeli na kromu, metali ya kukaa kwenye moto. Chuma cha kawaida kikipata joto kinalegea. Hiki kimetengenezwa kisilegee, ndiyo maana wanakitumia kwenye injini za ndege na kwenye ekzosti za mitambo mikubwa.

Hiyo sifa yake ndiyo shida yake. Kisu cha mashine kikikata, joto halilegezi chuma hiki. Na joto lenyewe haliendi popote, maana metali hii haipitishi joto vizuri, basi linabaki hapohapo kwenye ncha ya kisu na kukila.

Kuna tabia yake nyingine, ya pili, ambayo nitaisema baadaye kwa sababu na mimi niliikumbuka baadaye. Nilikuwa nimeisoma, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu, nikaisahau. Ndiyo elimu yetu hiyo, tusidanganyane.

VALVU YA KWANZA niliiharibu mimi.

Nilimwomba Mzee anipishe mashine. Nikafunga kisu chenye ncha ya kabaidi, ngumu kuliko zote tulizonazo, nikapiga hesabu ya mwendo kama nilivyofundishwa kwa chuma cha kawaida, nikawasha. Sekunde chache za kwanza nilijiona profesa.

Kisha ukaja mlio. Sijui niuandike vipi. Kama mbuzi anayeburutwa kwenye mabati. Vinyoleo vikatoka vyekundu vya moto, ncha ya kabaidi ikavunjika, kisu kikachimba ndani ya shina, na kipenyo kikapita chini ya kile tulichotaka. Basi. Imekwisha.

Mzee Deo alichukua ufagio. Alifagia vinyoleo polepole akinipa muda wa kuona aibu vizuri. Halafu akauliza, "Chuo miaka mingapi?"

Nikamwambia minne.

"Mingi," akasema, akaendelea kufagia.

VALVU YA PILI akaishika yeye.

Alichukua kisu cha hayaspidi, kile ambacho fundi anakinoa mwenyewe kwenye jiwe, akakinoa mpaka kikawa kama wembe. Akapunguza mwendo wa mashine sana. Hapo alikuwa sahihi kabisa na mimi nilikuwa nimekosea kabisa. Vinyoleo vikaanza kutoka vizuri, na mimi nikamwagilia yale maji ya kupozea, yale meupe yaliyochanganywa na mafuta.

Wakati huo akaingia Afande. Huyu ni mwanajeshi mstaafu, anaishi upande wa Makenke, na pikipiki yake haijawahi kupona. Akaona namwaga kitu cheupe juu ya chuma.

"Wewe binti," akasema, "watu ya Mbarara nakunywa maziwa, wewe namwagia chuma?"

Tangu siku hiyo maji ya kupozea yanaitwa maziwa pale karakana. Mtu akisema maziwa yamekwisha, mgeni anafikiri tunataka chai.

Sasa angalieni vizuri alichofanya Mzee Deo Afande alipoingia, maana mimi niliangalia bila kuona.

Alisogeza wenzo wa kusukuma kisu, kisu kikasimama. Mashine haikuzimwa, chuma kikaendelea kuzunguka, na kisu kikabaki pale pale kimegusa. Akageuka, akampa Afande kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, wakasalimiana. Habari ya nyumbani, habari ya mke, habari ya pikipiki, habari ya mvua upande wa Makenke. Kisha akarudi, akasogeza wenzo, kazi ikaendelea.

Kwa nini hazimi mashine? Kwa sababu mota ile ikizimwa ikiwa na moto inagoma kuwaka mpaka ipoe. Kwa nini haondoi kisu? Kwa sababu mashine imezeeka, skrubu yake ina ulegevu, na ukirudisha kisu nyuma unapoteza kipimo. Kwa hiyo anakiacha palepale. Amefanya hivyo maisha yake yote na hakuna chuma kilichowahi kulalamika.

Na kutosalimia? Hilo pale halipo. Mrundi mzee hawezi kumpa mtu mgongo. Na mji wenyewe ni Mbarara, mtu akikuuliza "agandi", yaani habari gani, haulizi ili umjibu kwa neno moja.

Mimi, niseme ukweli, salamu ndefu zilikuwa zinanichosha toka utotoni. Nilikuwa nikimuuliza Mama, kwa nini unamuuliza habari za shamba wakati umemwona shambani? Alikuwa ananijibu kwa kunituma maji.

Basi Mzee akaendelea kukata kwa kunyata, ngozi nyembamba nyembamba, ndivyo fundi mzuri anavyofika kwenye kipimo. Lakini kila baada ya kipande fulani kisu kinaruka na kulia, halafu kinatulia, halafu kinaruka tena. Mara ya mwisho kikaruka juu ya kitu kama kigingi, kikaangukia upande wa pili na kuchimba.

Chini ya kipimo. Valvu ya pili imekwenda.

Mzee alikaa kwenye stuli yake akaangalia mikono. Hapo sikupenda nilichokiona. Mtu akikosea kwa ujinga kama mimi, anafundishika. Mtu ambaye hakukosea kitu anachokijua na bado kazi imeharibika, anaanza kujiuliza kama amezeeka.

Akasema taratibu, "Nilikwambia hii imefungwa."

Wakuu, mimi nina ugonjwa mmoja. Sikubali "imefungwa". Nikaichukua ile valvu nikatoka nayo juani.

Kwenye shina kulikuwa na pete. Mikanda myembamba inayong'aa kuliko sehemu nyingine, imezunguka shina. Nikapitisha tupa juu yake. Sehemu ya kawaida tupa linauma kidogo. Kwenye pete linateleza kama kwenye kioo.

Nikazihesabu. Nne.

Mimi huwa na daftari, naandika kila kitu, saa ya kuanza, mwendo, nani ameingia akataka nini, maana Mzee husahau wateja. Nikalifungua kwa sababu nilitaka kuona kama umeme ulirukaruka. Umeme haukuruka.

Lakini tangu Mzee aanze valvu ile walikuwa wameingia watu. Afande. Jirani wa duka la rangi. Hajati aliyepita kuona kama atapata injini yake. Na katekista aliyetaka bawaba za mlango wa kanisa.

Nne.

Nilipiga kelele, sikufichi. Mtu wa bodaboda nje aligeuka.

Na hapo ndipo ile tabia ya pili niliyoisahau tangu mtihani ikarudi yote kwa mkupuo mmoja. Metali hii ikikatwa inakubali, ila ikisuguliwa tu bila kukatwa ngozi yake inakuwa ngumu kuliko mwanzo. Mnajua kiganja na mpini wa jembe? Ukichanjwa na wembe kiganja kinakatika. Ukisugua mpini kila siku kinaota sugu. Hiki ni chuma kinachoota sugu, tena kwa dakika moja.

Kila Mzee alipogeuka kusalimia, kisu kilibaki kinasugua sehemu moja, hakikati. Kila salamu ikaacha sugu. Na kule kunyata kwake kwa ngozi nyembamba hakukuwa na uwezo wa kupita chini ya sugu na kuiondoa. Kulikuwa kunaisugua zaidi.

Nikarudi ndani nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo chuma kimekasirika kwa sababu nimemsalimia katekista."

Nikamwambia tupime. Nadharia isiyopimwa ni umbea.

Tukafunga ile valvu ya kwanza niliyoiharibu mimi, kwenye kipande kilichokuwa bado kinene. Mzee akaanza kukata, safari hii kwa kina cha kutosha, siyo kunyata. Kinyoleo kikatoka kizima, kinene, kisu kimetulia. Nikatoka nje, nikapiga hodi, nikaingia kama mgeni. Nikamsalimia. Nikamwomba asimamishe kisu kama kawaida yake na anijibu salamu zote bila kuruka hata moja.

Akanijibu. Akaniuliza habari ya Mama. Akaniuliza ng'ombe, na sina ng'ombe. Akaanza kunogewa, akaniuliza nitaolewa lini, nikamwambia hiyo siyo sehemu ya jaribio.

Tukatoa kipande. Pete moja, inang'aa, palepale kisu kiliposimama. Nikampa tupa. Akapitisha mara moja, akapitisha mara ya pili. Likateleza.

Mzee Deo alicheka mpaka akashika mashine. Siyo kicheko cha kunidharau. Ni kicheko cha mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa aliouogopa.

Ikabaki VALVU YA TATU. Ya mwisho. Na ilikuwa Alhamisi.

Kichwa hakikutusumbua, kilipunguzwa asubuhi kwa kukata kwa kina, bila mgeni. Shina ndilo lenye shida, maana linapanda na kushuka ndani ya injini, likiwa na makovu linakwama.

Tukakubaliana safari mbili tu za kisu. Ya kwanza ya kupunguza, ya pili ya kumalizia, na zote za kina. Hakuna kunyata. Safari ya mwisho ianze mwanzo wa shina mpaka mwisho bila kusimama, kwa sababu kisu kikisimama kinaacha sugu, na kikirudishwa nyuma katikati kinaacha kovu. Kwa mwendo ule mdogo ilikuwa dakika tano hivi.

Hapa ndipo Mzee alipoogopa, na sikumcheka. Akasema, "Maisha yangu yote nimefika kwenye kipimo nikinyata. Wewe unataka niruke."

Ndiyo, nilitaka aruke. Lakini siyo gizani. Siku nzima iliyotangulia tulitumia zile valvu mbili zilizokufa kujipima: shina linapinda kiasi gani kisu kikilisukuma, kisu kinalika kiasi gani mpaka mwisho wa safari. Nikaandika yote kwenye daftari. Kwa hiyo tulijua tunaruka umbali gani.

Ikabaki shida ya wageni. Niliandika kwa chaki kwenye ubao: HATUSALIMII, TUNAKATA. Nikautundika mlangoni. Mzee aliuona akautoa mwenyewe na kuugeuza ukutani. Alisema akifa watu watakuwa wanaukumbuka huo ubao tu.

Basi Afande akajitolea kulinda mlango. Akasimama nje mikono nyuma, kifua mbele, miaka ya kustaafu ikafutika. Nilimsikia akimrudisha jirani wa duka la rangi: "Ndani iko kazi. Salamu acha kwa mimi, nitafikisha."

Safari ya kwanza ikaenda safi. Mzee akanoa kisu upya. Akapima, nikapima, akapima tena. Mota ikapoa ikawashwa. Akasogeza wenzo, safari ya mwisho ikaanza.

Mimi namwaga maziwa. Kinyoleo kinatoka, kinajikunja, kinadondoka. Hakuna mlio wa mbuzi. Robo ya shina. Theluthi.

Nikasikia Afande nje anaongea kwa sauti ya chini, kitu ambacho huwa hafanyi. Kisha mlango ukasukumwa.

Aliyeingia ni Mama.

Amevaa kitenge cha kanisani, siku ya Alhamisi, mkoba chini ya kwapa. Nyuma yake Afande ananitazama na uso wa mtu aliyeshindwa vita. Baadaye alijitetea, "Mama ya mtu, mimi nazuia namna gani?"

Mama akasema, "Amahoro," salamu yetu ya Kirundi, amani.

Hakuna aliyejibu.

Wakuu, Mama hakuwahi kumwona Mzee Deo. Nilikuwa nimemwambia mara mia kwamba ni mtu wa heshima. Na sasa mtu wa heshima amempa mgongo, na binti yake wa kumzaa ameinamia chuma anamwaga kopo la maji meupe wala hageuki.

Akarudia, safari hii kwa jina. "Amahoro, Mzee Deo."

Nikaona mkono wa Mzee unaondoka. Siyo yeye aliyeutuma. Ni miaka yake yote ya kazi iliutuma. Ulikuwa unaenda kwenye ule wenzo, wenyewe, kusimamisha kisu.

Nikasema neno moja tu. "Mzee."

Mkono ukasimama hewani. Ukarudi.

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na halikuwa la joto. Nusu ya shina. Mama amesimama palepale, hajakaa, hajaweka mkoba chini, hajasema kitu kingine. Robo tatu. Dakika hizo nilitamani ardhi ipasuke lakini iache mashine.

Kisu kikafika mwisho. Mzee akakiondoa, akazima mota, akapangusa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha akamgeukia Mama na kumshika mikono yote miwili, na kumwaga salamu zote kama mtu aliyetoka chini ya maji. Nyumbani, watoto, shamba, Juru yote. Mama akajibu moja moja, kwa kirefu, uso haujafunguka.

Mimi nikapima. Nikapima tena. Ndani ya kipimo, mwishoni imezidi unywele mdogo wa kuondoa kwa msasa. Hakuna pete hata moja. Tupa linauma sawasawa kutoka juu mpaka chini.

Nikaifunga kwenye kitambaa nikampa Mama mkononi, bado ina uvuguvugu.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii, Mama."

Akaigeuza muda mrefu. Nikamuuliza amekuja kwa jambo gani. Akasema alikuwa anapita tu. Hakuna mtu anayetoka Juru mpaka Mbarara na kitenge cha kanisani kwa kupita tu. Na mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Jumamosi nilikuwa Juru. Nikasaga ukingo wa valvu kwenye kikalio chake kwa dawa ya kusagia mpaka mafuta ya taa niliyomwaga juu yake kujaribu yakawa hayapiti, nikafunga kila kitu.

Jumapili baada ya misa watu walikuja wengi kuliko nilivyotaka. Wale wanawake kumi walisimama mstari mmoja kama wanasubiri komunyo. Tukazungusha gurudumu. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa. Ya tatu ikashika, na moshi ukapanda, na ule mlio wake wa tuk, tuk, tuk ukaanza kwenda vilimani.

Watu hawakushangilia. Walikimbia nyumbani kuchukua mahindi.

Katikati ya zogo hilo ikafika bodaboda, akashuka Mzee Deo amevaa koti. Nilifikiri amekuja kusikiliza valvu. Nikamwita aje awekee sikio. Akanipita.

"Wacha injini," akasema. "Mimi nimekuja kusalimia."

Akaenda kwa Mama akaanza upya, kana kwamba ile Alhamisi haikuhesabiwa. Injini inapiga, hakuna anayesikia kitu, wanaongea midomo karibu na masikio. Alimuuliza mpaka marehemu Baba alitoka mlima gani, maana kwetu Burundi mtu hutambulishwa kwa mlima wake. Na Mama uso ukafunguka.

Ndipo akatuambia.

Siku ile ya Alhamisi alikuja kutusimamisha. Kikundi kilikuwa kimechoka na njia ya Ngarama, wakabadili mawazo, lori la Hajati lije Ijumaa. Wakamtuma Mama mjini atuambie tuache, tusipoteze nguvu. Alikuwa na maneno hayo mdomoni tangu Juru.

Lakini hakuitikiwa salamu. Na alipoitikiwa, valvu ilikuwa tayari, ikawekwa mkononi mwake. Akarudi akawaambia wenzake wasubiri mpaka Jumapili kama walivyosema mwanzo.

Nikamuuliza: Mama, ulisimama pale dakika zote zile. Kwa nini hukusema tu? Mzee angeacha palepale.

Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini watu hawaingii nyumbani kwa dirisha.

"Sijaitikiwa," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Wakuu, ndiyo hivyo.

Kwa mafundi, nilichojifunza ni hiki: ukikutana na valvu au kipande ambacho sumaku haishiki na cheche zake ni fupi na nyekundu, punguza mwendo, noa kisu, maji yasikauke, na kata kwa kina. Usikinyatie. Na kama lazima usimame, ondoa kisu kwanza, kipimo utakitafuta tena. Mzee Deo sasa anaondoa kisu, kisha anasalimia. Salamu hazijapungua hata moja.

Kwa upande wangu, nilikuwa na hitimisho zuri sana kwamba salamu ndizo zilizokuwa zinatuangusha. Pete nne, watu wanne, ushahidi upo kwenye daftari. Halafu Mama akaliharibu. Mtu atasema ni bahati tu, na mimi ningekuwa msomaji ningesema hivyohivyo. Bado natafuta namna ya kulipima hilo.

Aliyewahi kukereza metali hii kwa mashine chakavu aje aniambie kisu chake alikinoa kwa pembe gani, na anayeona nimekosea hesabu aje na hesabu zake, nipo. Ila tafadhali, anayekuja kubisha asalimie kwanza.